Chuma kiko wapi? Kisa cha mama lishe wa Manzese na kipimo cha TIBC

Cheti alichokuja nacho kilikuwa na mstari mmoja uliozungushiwa kalamu nyekundu: madini ya chuma kwenye damu 4.1, na pembeni yake neno "chini". Daktari wa zahanati moja binafsi alikuwa ameandika apewe chuma kwa dripu. Siku hiyo mama hakuwa na fedha ya dripu, akaambiwa akajipange. Akiwa bado anajipanga, wifi yake akamleta kwenye maabara ninakofanya kazi, hapa hapa Dar es Salaam, kuuliza kama kuna kipimo cha kuthibitisha kabla hajaitoa hela ya mtaji.

Nakieleza kisa hiki kuanzia kichupa cha kwanza hadi cha mwisho kwa sababu maombi ya kupima chuma peke yake yanatufikia kila mara, na mgonjwa akipata jibu la "chini" huingizwa moja kwa moja kwenye dawa za chuma. Chuma kikiwa kidogo kwenye damu hujajua bado kama mwili umeishiwa au umekificha. Ili ujue, unahitaji kipimo cha uwezo wa damu kubeba chuma, kile kinachoandikwa TIBC kwenye majibu, ukisome pamoja na feritini, protini inayohifadhi akiba ya chuma mwilini. Mama ameridhia habari zake ziandikwe. Nimebadili mambo machache yasiyogusa maana ili asitambulike.

Alikotoka

Ana miaka 36 na watoto 3. Anapika na kuuza chakula karibu na Manzese Darajani: wali, maharage, ugali, samaki wa kukaanga. Saa kumi alfajiri mkaa umeshawaka. Kwa muda wa nusu mwaka hivi alikuwa akichoka kuliko alivyozoea, na akipanda ngazi za daraja la kuvukia Barabara ya Morogoro moyo ulimwenda mbio hadi asimame katikati apumzike.

Zahanati ya kwanza ilimpima wingi wa damu, ikapata 8.1. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 12 kwa desilita. Akapewa vidonge vya chuma na foliki asidi, akavimeza miezi mitatu bila kuruka, wifi yake akimsimamia. Nyumbani wakaongeza juisi ya rozela, matembele na maini. Damu ikafika 8.3. Ndipo akaenda zahanati ya pili, iliyopima chuma peke yake na kuandika dripu.

Hiyo 8.3 baada ya miezi mitatu ilitakiwa kumshtua mtu mapema. Aliyeishiwa chuma tu, akameza dawa na tumbo likaifyonza, wingi wa damu yake hupanda gramu 1 au zaidi ndani ya mwezi mmoja hivi. Usipopanda, kuna maswali ya kuuliza. Je, dawa inamezwa kweli? Inamezwa na nini? Kuna damu inayotoka mahali kwa kasi kuliko inayotengenezwa? Au shida haikuwa chuma tangu mwanzo? Kwake swali la pili lilikuwa na jibu la haraka: kidonge alikimeza asubuhi na chai ya rangi, na tanini za chai hukishika chuma tumboni kisifyonzwe vizuri. Wengi wangeishia hapo, wamwambie aache chai, arudi baada ya miezi mitatu mingine. Chai ilikuwa na sehemu yake, lakini isingeweza kubeba lawama yote.

Kichupa sahihi, saa sahihi

Walifika saa nane mchana, mama akiwa ameshakula na kumeza kidonge. Sikumtoa damu. Chuma cha kwenye damu hakikai mahali pamoja kwa siku nzima. Kwa watu wengi kiko juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda, na kidonge kilichomezwa saa chache nyuma huweza kukipandisha kwa muda. Nikamwomba arudi asubuhi kabla ya kula, na asimeze kidonge siku ya kabla ya hapo.

"Dokta, asubuhi ndiyo riziki yangu," akasema. Alikuwa na haki. Tukapanga Jumapili, siku asiyopika.

Jumapili hiyo alitolewa vichupa viwili. Cha kifuniko cha zambarau ni cha FBP, yaani kuhesabu chembe za damu. Ndani kina dawa ya EDTA ya kuzuia damu isigande. EDTA hushika madini, kwa hiyo chuma kikipimwa kutoka kichupa hicho jibu haliaminiki. Chuma, TIBC na feritini vilitoka kwenye kichupa cha kifuniko chekundu, kisicho na dawa hiyo. Mshipa wake ulikuwa mwembamba, na hapo ndipo haraka huharibu kazi: ukivuta bomba la sindano kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga vilivyomo, na kipimo cha chuma kinavurugika. Tulikwenda polepole. Damu ikaachwa igande kwa nusu saa, ikazungushwa kwenye mashine, na majimaji ya juu yakatoka ya manjano hafifu, safi, bila hata dalili ya wekundu. Majimaji ya namna hiyo ndiyo ninayopenda kuyaona kabla sijaamini namba yoyote ya chuma.

Sindano ikiwa bado mkononi, wifi yake akaongeza neno.

"Mwulize na mchele, dokta. Anatafuna mchele mbichi kutwa. Akipepeta kilo mbili, nusu inaishia mdomoni."

Mama akatazama chini. "Ni ile harufu yake tu. Nikianza siwezi kuacha."

Nikaliandika hilo kwenye fomu. Hamu ya kutafuna mchele mbichi, udongo au barafu mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa chuma. Kwenye masoko yetu udongo wa kula unauzwa waziwazi, na wajawazito ndio wateja wake wakubwa, kwa hiyo watu huona ni jambo la ujauzito tu na hawalitaji kwa daktari. Mchele hauthibitishi kitu peke yake. Lakini ulikuja kuwa na uzito mkubwa katika kuyasoma majibu yake.

Namba zenyewe

Wingi wa damu ulikuwa 8.2. Chembe nyekundu zilikuwa ndogo kuliko kawaida: MCV, kipimo cha ukubwa wake, ilikuwa 74. Chuma kilikuwa 22 mikrogramu kwa desilita, ambapo kawaida yetu ni 60 hadi 170. TIBC ilikuwa 228, kawaida 250 hadi 450. Asilimia ya transferini (protini inayobeba chuma kwenye damu) iliyojaa chuma ilikuwa 9.6, kawaida 20 hadi 50. Feritini 86, ndani ya kiwango cha kawaida cha 15 hadi 150. CRP, protini inayopanda mwili unapokuwa na inflamesheni, yaani unapopambana na maambukizi au jeraha, ilikuwa 64, wakati inatakiwa isizidi 5.

Wifi aliposoma 22 alifurahi sana. Zahanati ilisema 4.1, sasa 22, basi rozela imefanya kazi! Ilibidi nimwoneshe herufi ndogo zilizo pembeni ya namba. Zahanati ilitoa jibu kwa mikromoli kwa lita, sisi tunatoa kwa mikrogramu kwa desilita. Ukizidisha mikromoli kwa 5.6 unapata mikrogramu, na 4.1 mara 5.6 ni karibu 23. Chuma hakikuwa kimesogea hata kidogo. Kwa hiyo kabla hujalinganisha majibu ya maabara mbili, tazama kipimio kwanza, namba baadaye. Nimeona familia zikisherehekea na familia zikilia kwa ajili ya kipimio tu.

TIBC inapima nini hasa

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma. Sehemu kubwa imo ndani ya chembe nyekundu, nyingine imehifadhiwa kwenye ini na kwenye seli zinazosafisha damu. Kinachosafiri kwenye majimaji ya damu kwa wakati mmoja ni miligramu 3 hivi tu, ingawa ndani ya saa 24 zinapita miligramu 20 hadi 25 kuelekea kwenye uboho kutengeneza damu mpya. Chuma hicho hakisafiri kikiwa huru, maana kikiwa huru kina madhara. Kinabebwa na protini inayotengenezwa na ini, transferini, na kila moja ina nafasi mbili tu za kushika chuma.

Fikiria mikokoteni ya Kariakoo ambayo kila mmoja unabeba magunia mawili, si zaidi. Kipimo cha chuma kinahesabu magunia yaliyo barabarani. TIBC inahesabu nafasi zote za mikokoteni yote, zenye mzigo na zilizo tupu. Ukigawa magunia kwa nafasi unapata ile asilimia ya transferini iliyojaa. Kwa mtu mwenye afya ni karibu theluthi moja.

Mashine nyingi haziipimi TIBC moja kwa moja. Zinaongeza kiasi kinachojulikana cha chuma kwenye sampuli, kisha zinaangalia ni kiasi gani kimepata pa kushika. Hicho ndicho kinachoandikwa UIBC, nafasi zilizokuwa tupu. Kwa mama huyu zilikuwa 206. Ongeza 22 zilizokuwa na chuma, unapata 228.

Sasa twende kwenye maana. Akiba ya chuma ikiisha, ini huongeza utengenezaji wa transferini. Kwa hiyo katika upungufu wa chuma ulio peke yake tunatarajia chuma chini, TIBC juu, mara nyingi zaidi ya 400, asilimia chini kabisa, na feritini chini kwa sababu feritini ndiyo kioo cha akiba. Mama huyu alikuwa na chuma cha chini sana, lakini TIBC yake haikupanda. Ilikuwa imeshuka hata chini ya kawaida.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka. Chuma chini pamoja na TIBC chini huelekeza kwenye inflamesheni ya muda mrefu. Mwili ukipambana na maambukizi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini. Hepsidini hufunga milango ambayo chuma hutokea: kwenye utumbo, ili kidonge na chakula visiingize kingi, na kwenye seli zinazosafisha damu, ili chuma cha chembe zilizozeeka kisirudi kwenye mzunguko. Wakati huohuo ini hupunguza kutengeneza transferini. Vidonge vya miezi mitatu vilikuwa vinagonga mlango uliofungwa.

Lakini TIBC hushuka kwa sababu nyingine pia, na haifai kurukia jibu. Ini lililoharibika halitengenezi transferini ya kutosha. Figo zinazovujisha protini huitoa kwenye mkojo. Lishe duni sana huipunguza. Nikaomba ruhusa ya kuongeza vipimo vingine: vimeng'enya vya ini vilikuwa sawa, albumini, protini nyingine inayotengenezwa na ini, ilikuwa imeshuka kidogo tu, na mkojo haukuwa na protini. Choo hakikuwa na mayai ya minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, jambo la kulitazama siku zote ukanda wetu wa pwani. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi, na cha selimundu pia. Udogo wa chembe nyekundu nao usituharakishe: wapo watu wengi wa pwani waliozaliwa na alfa-thalasemia ya kurithi, chembe zao ni ndogo maisha yao yote na chuma wanacho. Kilichobaki kimesimama katikati ya meza ni CRP ya 64.

Feritini 86, namba iliyokaa kimya

Kwenye karatasi ya majibu, feritini 86 haina nyota wala mshale. Mashine inaiona ni ya kawaida. Mtu anayesoma kwa kufuata mishale tu angesema akiba ipo, chuma kimefungiwa, akitibiwa inflamesheni basi kila kitu kitarudi. Sikukubaliana na usomaji huo, na bado naona ni hatari.

Feritini hupanda yenyewe wakati wa maambukizi, iwe akiba ipo au haipo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 una mipaka miwili kwa watu wazima: chini ya 15 kwa mtu asiye na maambukizi, chini ya 70 kwa mwenye maambukizi au inflamesheni. Huyu alikuwa na 86 na CRP ya 64, juu kidogo tu ya mpaka wa pili. Ukiongeza asilimia 9.6, chembe ndogo na ule mchele, unaona uwezekano mkubwa wa mambo mawili kukaa ndani ya mtu mmoja: ugonjwa unaokificha chuma, na akiba ambayo nayo imeisha. La kwanza linaishusha TIBC, la pili linaipandisha, na feritini inavutwa pande zote mbili.

Kwa hiyo maelezo niliyoandika chini ya majibu yalikuwa mafupi: inflamesheni ipo kwa uhakika, upungufu wa chuma haujakataliwa, itafutwe chanzo kabla ya dripu. Sikuishia kwenye karatasi. Nilimpigia daktari wa kliniki ya jirani tunayeshirikiana naye, nikampeleka mama kwa miguu hadi mlangoni.

Kikohozi cha moshi

Daktari alimwuliza maswali ambayo hakuna aliyemwuliza. Kikohozi? Kipo, cha tangu kabla ya Ramadhani, lakini si moshi wa mkaa huo? Jasho usiku? Lipo, hadi shuka linalowa, lakini Dar nani halali na jasho? Uzito? Gauni la sikukuu lilikuwa linamvuka mabegani. Kila dalili ilikuwa imeshapata maelezo yake ya nyumbani, na kila maelezo yalikuwa ya kuaminika. Kumlaumu kwa hilo ni kutojua maisha ya jikoni.

Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea na kutoa jibu kwa saa mbili hivi. Kifua kikuu kilionekana, na dawa ya rifampisini ilikuwa bado inafanya kazi dhidi ya vimelea hivyo. Picha ya kifua ilionesha doa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi.

Dripu ya chuma ingefanya nini? Vimelea vya kifua kikuu vinahitaji chuma ili viishi na kuongezeka, kama ilivyo kwa bakteria wengi. Hepsidini inapofunga milango, mwili unavinyima chakula. Ndiyo maana miongozo ya tiba inashauri kutotoa chuma cha mshipani wakati mgonjwa ana maambukizi yanayoendelea. Sisi Watanzania tuna somo la jirani kuhusu kugawa chuma bila kujua hali ya anayepewa. Utafiti uliofanyika Pemba kwa watoto wadogo, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006, ulionesha kuwa waliopewa chuma na foliki asidi kila siku kwenye eneo lenye malaria nyingi waliugua sana na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Lakini katika kundi dogo lililopimwa kwa kina, watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika. Pemba ni malaria na ni watoto, mama huyu ni mtu mzima mwenye kifua kikuu, na simwekei matokeo ya kule yalivyo. Ninachokichukua ni kwamba chuma ni dawa, na dawa hutolewa baada ya kujua.

Alianza dawa za kifua kikuu za miezi sita kwenye kituo cha serikali, ambako hutolewa bure: dawa nne kwa miezi miwili ya mwanzo, mbili kwa miezi minne inayofuata. Vidonge vya chuma vilisimamishwa. Watoto na wifi walichunguzwa. Hakuna aliyekutwa na ugonjwa, na yule mdogo wa miaka 4 akawekwa kwenye dawa za kinga.

Miezi miwili baadaye, TIBC ilisema lililobaki

Alirudi asubuhi, tumbo tupu, bila kukumbushwa. Kikohozi kimekwisha, uso umejaa. Wingi wa damu 9.8, bila kidonge kimoja cha chuma. CRP imeshuka hadi 9.

Chuma kilikuwa 31. Kwa anayesoma mstari mmoja, hapajabadilika kitu. Lakini TIBC ilikuwa imepanda kutoka 228 hadi 402. Asilimia ilikuwa 7.7, chini kuliko mwanzo, na feritini ilikuwa imeporomoka kutoka 86 hadi 19.

Wifi alipouliza kama hali imeharibika, nilimwambia hapana: mfuniko umeondolewa. Inflamesheni ilipotulia, ini liliacha kubanwa, likafanya lile ambalo lingefanya tangu mwanzo, kutoa wabebaji wengi kwenda kutafuta chuma. Na feritini iliyokuwa imepandishwa na ugonjwa ikashuka kwenye kiwango cha akiba halisi, ambayo ilikuwa karibu tupu. Upungufu wa chuma ulikuwepo muda wote, umejificha nyuma ya kifua kikuu. Kipimo kilekile, mwili uleule, na TIBC ikasogea karibu mara mbili. Katika namba zake zote, hii ndiyo ninayowaonesha wanafunzi wa maabara wanaokuja kwetu kwa mafunzo.

Swali likawa chuma kinapotelea wapi. Jibu lilipatikana kwa kuuliza kuhusu hedhi. Miaka minne iliyopita, baada ya kujifungua mtoto wa mwisho, aliwekewa lupu ya shaba. Tangu hapo hedhi ni siku saba, tatu za mwanzo akibadilisha pedi usiku na mchana. Hakuwahi kulitaja, aliambiwa lupu huongeza hedhi na akalipokea hivyo. Hesabu yake ni rahisi. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 hadi 40; ikizidi 80 ni nyingi. Kila mililita ya damu yenye wingi wa kawaida ina takriban nusu miligramu ya chuma. Mililita 80 ni miligramu 40 kwa mwezi, wakati tumbo la mtu mwenye afya hufyonza miligramu 1 hadi 2 kwa siku, na kazi nyingine za mwili zinadai fungu lake humo humo. Zidisha hayo kwa miaka minne ya ugali, maharage na chai ya rangi.

Kuitoa lupu papo hapo hakukuwa rahisi kama inavyosikika. Rifampisini, mojawapo ya dawa zake za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, na mama hakutaka mimba katikati ya dozi. Yeye na daktari wakakubaliana ibaki hadi amalize dawa za kifua kikuu, kisha achague upya.

Sasa vidonge vya chuma vilikuwa na mlango wa kupitia. Alipewa kimoja, siku moja ameze, siku moja apumzike. Watu hushangaa dawa kupunguzwa, lakini tafiti zilizofanyika Uswisi kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma, zilizochapishwa mwaka 2017, zilionesha kuwa kidonge cha leo hupandisha hepsidini hadi kesho, na kidonge cha kesho kinafyonzwa kidogo. Ukiruka siku, kila kidonge kinafyonzwa vizuri zaidi na tumbo haliumi sana. Ameze na maji na kipande cha chungwa, chai ingoje saa moja au mbili. Mama akauliza kama chai ya maziwa nayo inahesabika. Inahesabika.

Majibu ya mwisho hadi sasa

Baada ya miezi mitatu ya vidonge hivyo, dozi ya kifua kikuu ikiwa imebakiza wiki chache, wingi wa damu ulifika 12.3. Chuma 84, TIBC 331, asilimia 25, feritini 38, CRP 3. TIBC imerudi katikati: wabebaji wamepungua kwa sababu mzigo umepatikana, na kwa mara ya kwanza namba zote zinasema jambo moja. Mchele anaupepeta na kuuweka sufuriani. Wifi yake ndiye aliyenihakikishia.

Feritini 38 si akiba ya kujivunia kwa mwanamke anayeendelea kutoka hedhi nyingi. Vidonge vinaendelea kwa miezi mitatu mingine. Akimaliza dawa za kifua kikuu ataonana na muuguzi wa uzazi wa mpango kuhusu lupu, kisha atarudi kwetu Jumapili moja asubuhi kabla ya kula, apimwe feritini, TIBC na CRP kwa pamoja.